Nataka kushona kanzu ya kizamani kwa mkono, sindano na uzi tu. Wajuzi wa vifaa njooni huku

#1 Mwana_Ngamiani

Wakuu heshima zenu. Niseme mapema mimi siyo fundi nguo, kazi yangu nyaya za umeme, sindano naijua ya kurudishia kifungo basi, kwa hiyo mkijibu jibuni kama mnamjibu mtoto.

Ramadhani iliyopita tulikuwa tunasafisha chumba cha bibi, tukafungua sanduku lake, chini kabisa kabisa chini ya kanga zake za harusi ikatoka kanzu. Ya babu yake yeye bibi. Imegeuka rangi ya chai ya maziwa, begani nondo wamejilia, ila shingo nzima na tarizi yake ipo. Nikaipindua ndani nje, mazoea tu ya kazi yangu ya kutaka kuona nyaya zimepita wapi, na hapo ndipo nilipokamatwa. Hakuna mshono hata mmoja wa cherehani. Kila mshono umekunjwa, ukalazwa, ukashonwa mara ya pili, yaani ndani ya nguo ni kusafi kama nje. Chini ya kwapa kuna kipande cha mraba kimekaa upande upande kama kashata. Nikachukua rula nikahesabu mishono, 11 kwenye inchi moja. Mtu kakaa na kandili kafanya vile pindo zima la chini mpaka kuzunguka, halafu mimi nikifunga swichi nne nalalamika mgongo.

Basi nataka niishone moja ya hivyo hivyo, ya kuvaa mwenyewe Maulidi. Bila cherehani kabisa. Sasa shida siyo kushona, kushona nitajifunza nikijichoma, shida ni vifaa. Nimetembea mjini siku mbili nimerudi na sindano tu. Nitumie kitambaa gani, mita ngapi, uzi gani, na kuna kitu gani ambacho sijui kama sikijui?

#2 SindanoButu

Uzi kuhusu uzi. Nimekaa paleee kwenye mkeka 🍿

#3 Babu_wa_Kibaha

Dogo kanzu zipo zimetundikwa Kariakoo tele, unaingia unatoka umevaa. Na cherehani ipo. Hii ya kujitesa mwezi mzima ili iweje?

#4 Mwana_Ngamiani

Mzee wangu shikamoo. Kanzu ya kununua ninayo, ninazo mbili. Hii nataka nijue ile ilishonwaje. Halafu nimesoma cherehani za Singer zenyewe zilianza 1851 huko Marekani, kabla ya hapo duniani kote karibu kila nguo ilikuwa mkono, ya sultani, ya mtumwa, ya baharia. Sasa mimi nashindwaje moja.

#5 Babu_wa_Kibaha

Marahaba. Haya endelea, ila ukijichoma usije kulia humu.

#6 Ukhty_Mkunazini

Yakhe huu uzi umenigusa kwa sababu mamaangu mie anashona kofia mpaka leo, na marehemu bibi alikuwa anashona kanzu za watu hapa Unguja. Kwanza hicho kipande chako cha "kashata" kina jina, ni kikwapa. Tena ndo siri ya kanzu nzima, bila kikwapa ukinyanyua mkono kuweka kitu juu nguo yote inapanda na wewe, na ikiwa imebana inachanika hapo hapo.

Zilobaki ni hizi, uzijue majina maana ukienda kwa mtu mzima kumuuliza atakutajia hivi: badani ndo mwili wenyewe, kitambaa kimoja kinatoka chini mbele kinapita juu ya bega kinashuka nyuma, begani hapana mshono. Pembeni unatia taharizi, zile zinazoifanya kanzu ifunguke chini upate kutembea. Mikono. Shingoni ndani unatia kaba, kitambaa cha kuikaza shingo isilegee wala isichanike, na pale panapopasuliwa kifuani kuna lisani. Mwisho wa mkono ndani ni sijafu. Kama haina urembo wowote hiyo ni kanzu ya kufuta, ikiwa na tarizi hariri nyeupe au nyekundu ndo ile ya kazu, ya kwendea mahali.

Umeona hapo? Hapana hata kipande kimoja cha duara ila shingo. Kila kitu mraba au mstari wa kukata kona kwa kona. Kwa hiyo paterni usitafute, hapana paterni. Tafuta upana wa kitambaa, upana ndo utakupa kanzu yako.

#7 Mwana_Ngamiani

Dada umenifungua macho, asante sana. Hiyo ya upana kumbe ndiyo ilinichanganya, maana kila duka wananiuliza mita, nikijibu "inategemea upana" wananiona nina kiburi.

Sasa niwape kisa cha jana. Baada ya kusoma hapa nikaenda mtaa wa pili wa maduka ya vitambaa, kwa mzee mmoja duka la siku nyingi sana, mabunda mpaka dari. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba marekani nyeupe ya pamba, mita 6. Akashusha miwani. Akaacha alichokuwa anafanya. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole sana mwanangu. Mwanamume au mwanamke?"

Mimi kwa akili zangu nikajibu mwanamume, ni yangu mimi mwenyewe.

Jamani yule mzee alivyoniangalia. Mteja mmoja wa kike pale pembeni alisema "Innalillahi" kabisa. Ikabidi nianze kueleza, siyo sanda mzee, nashona kanzu, kwa mkono, tena hapo ndipo nikazidi kuharibu maana nani anashona kwa mkono siku hizi kama siyo sanda. Mwisho akacheka mpaka akakaa chini. Akanikatia, na akanipunguzia. Kwa hiyo kitambaa ninacho mita 6, upana inchi 60.

#8 SindanoButu

"Mwanamume, ni yangu mimi mwenyewe" 😭😭😭 nimemwaga chai

#9 Kibokoni_Boy

Hahaa wallahi hata huku Mombasa ni vile vile, ukitaja bafta ama marekani duka lolote la Biashara Street wanajua kuna msiba, vipande vitatu mume vitano mke wanakata bila kupima.

Lakini kaka umebahatisha kitambaa chenyewe. Watu wengi hawajui kwa nini inaitwa marekani. Ilikuwa inatoka Marekani kweli. Meli za Salem kule Massachusetts zilikuwa zinakuja Unguja zikileta hii pamba nzito isiyopaushwa, zikirudi zimebeba pembe za ndovu na sandarusi na ngozi. Sultani Sayyid Said aliwekeana nao mkataba 1833, na 1837 wakaweka konseli wao, yaani balozi mdogo, Unguja. Kitambaa kikapendwa kwa sababu ni kizito, hakina longolongo, ukifua kinazidi kuwa kizuri, kikapanda na misafara mpaka Ujiji huko kikawa ndio pesa yenyewe, mtu analipwa mikono kadhaa, yaani dhiraa kadhaa, za marekani. Halafu 1861 wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe kule kwao, pamba ikakatika, Waingereza na viwanda vya Bombay wakaingia na ya kwao. Jina halikutoka. Mpaka leo fundi wa magodoro anakwambia niletee marekani na imefumwa sijui nchi gani.

Kwa hivyo kama kanzu ya babu yake bibi ni nzito nzito na nyuzi zinaonekana, kuna uwezekano ni marekani hiyo ama mwanawe. Ikiwa laini inateleza hiyo ni bafta ama melimeli, ya watu wenye pesa.

#10 Mwana_Ngamiani

Ni nzito, nyuzi zinaonekana hata kwa macho ya bibi. Sisi hatukuwa watu wa melimeli mkuu 😂

#11 Kitani_na_Mvua

Niko Bristol, Uingereza, nimekuja kuchangia kwa sababu nilishona shati la Kiingereza la mtindo wa miaka ya 1770, lote mkono, miezi minne nikiwa kazini usiku, na nikisoma post ya dada wa Mkunazini nikashtuka maana ni nguo ile ile. Kweli. Shati lao la karne ya 18 halikuwa na kukata duara duara za leo, ni badani moja inapita begani, mikono ni mraba, chini ya kwapa kikwapa, halafu shingoni wanakusanya marinda kwenye kola. Linavaliwa kwa kupitishwa kichwani kama kanzu, limepasuliwa kifuani tu. Refu hadi mapajani, kwa sababu lilikuwa ndiyo nguo ya ndani yao. Sababu ni moja, kitambaa kilikuwa ghali kuliko fundi, hakuna aliyetaka kutupa hata kiganja kimoja.

Vifaa nilivyojutia nakwambia ili usijutie:

Mkasi mzuri nilinunua kwa hela nyingi na sikuutumia sana kwenye kukata. Unakata kwa kuvuta uzi. Unachana kidogo ukingoni, unatafuta uzi mmoja kwa ncha ya sindano, unauvuta taratibu kitambaa kinajikunja kunja mpaka unatoka, unabaki mstari mwembamba umenyooka kuliko rula yoyote. Unafuata huo. Ukikata kwa macho, mraba wako utakuwa siyo mraba na utakuja kulia kwenye kikwapa.

Sindano, nunua fupi na nyembamba. Namba ikiwa kubwa sindano ni ndogo, mimi nilianza na namba 5 nikadhani nadunga gunia, nikaishia namba 9. Zile pakiti mchanganyiko utatumia mbili tu humo.

Na nta. Usianze bila nta ya nyuki.

Shati langu ni la kitani, wewe baki na pamba yako, ndiyo sahihi kwa kanzu.

#12 Nalubaale_254

Kitani huku kwetu utakipata wapi kwanza, na ukikipata bei yake unakiangalia tu unarudisha.

#13 Mwana_Ngamiani

Mkuu wa Bristol nimejaribu kuvuta uzi leo usiku kwenye kipande cha pembeni. Wa kwanza umekatika. Wa pili umekatika. Wa tatu umetoka wote mita nzima nikaita watu waje kuona, wakaja wakaona uzi, wakarudi kulala.

Sasa tuje kwenye uzi wa kushonea, hapa nina donge. Nilienda duka moja nikasema nataka uzi wa pamba, siyo polista. Muuzaji kanihakikishia pamba tupu, pamba asilimia mia, akanionyesha na karatasi imebandikwa kwenye kibuyu chake, kile kinachozungushiwa uzi. Nikachukua vitatu. Nimefika nyumbani uzi unang'aa kidogo moyo ukakataa. Nifanyeje nijue?

#14 Ukhty_Mkunazini

Uchome.

Kata kidogo, shika kwa kibanio siyo vidole, tia kiberiti. Pamba inawaka moja kwa moja kama karatasi, harufu ya karatasi, jivu lake ukilishika linapotea vidoleni. Polista haiwaki hivo, inajikunja inayayuka, moshi mweusi, mwisho unabaki na kidonge kigumu kama mchanga. Kitambaa nacho ukifanyie hivo hivo.

#15 Mwana_Ngamiani

Kitambaa: jivu. Mzee wa sanda ni mkweli.

Uzi: kidonge. Vyote vitatu vidonge. Nimerudi dukani kaniambia bidhaa ikishauzwa hairudishwi na kwamba "pamba za siku hizi ndivyo zilivyo". Haya.

#16 Kibokoni_Boy

Haha pole. Uzi mwingi wa vibuyu madukani ni polista, una nguvu sana na hiyo ndio shida yake, kwenye marekani iliyofuliwa mara mia mshono ukivutwa kinachanika kitambaa badala ya uzi kukatika. Uzi ukikatika unashona tena dakika tano. Kitambaa kikikatika utafanya nini.

Ushauri wangu acha maduka ya vyerehani. Tafuta wanaoshona kofia, waulize uzi wananunua wapi. Hao hawawezi kudanganywa.

#17 Ukhty_Mkunazini

Hapo umesema. Kofia ya vito kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano, maelfu ya mishono, mshonaji hawezi kucheza na uzi mbaya. Mamaangu anatumia ule wa tarizi wa vishungi, pamba, kila kimoja kina nyuzi sita zimelala pamoja. Kwa tarizi ya shingo tumia hizo, unatoa mbili mbili. Kwa mishono ya mwili tafuta pamba iliosokotwa ya kibuyu, namba 40 au 50 hapo, na ukikosa kabisa basi uzi mwembamba wa kufumia vitambaa unafaa kwa pindo.

Na kata uzi mfupi! Dhiraa moja tu, ncha ya kidole mpaka kiwiko. Wageni wa kushona wote wanakata uzi kama wanavua samaki, eti wasitie tena sindanoni, unaishia na mafundo kila dakika mbili. Ncha inayotoka kwenye kibuyu kwanza ndo inayoingia tundu la sindano.

#18 Mwana_Ngamiani

Tanga hapa mkonge upo bure, siwezi kutumia? 😂 natania jamani msinipige.

Nta nitapata wapi? Mshumaa haufai?

#19 Mhoja_wa_Tabora

Mshumaa wa dukani haufai mkuu, ile siyo nta ya nyuki, inakatika katika unga unga na kwenye nguo nyeupe ukipiga pasi inaacha doa. Nta ya nyuki inanata kidogo ukiibonyeza na kidole, harufu yake asali. Nenda kwa wauza asali waambie nataka nta siyo asali, wengi wanaitupa au wanakupa kwa hela ya soda. Iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto usiweke juu ya moto wenyewe inawaka, ichuje kwa kitambaa maana miguu ya nyuki imo humo, mimina kwenye kifuniko cha chupa. Ikiganda una kidonge chako cha miaka mitano. Uzi unaupitisha mara mbili, halafu unaubana kati ya vidole unauvuta haraka ule moto wa vidole uingize nta ndani.

#20 Babu_wa_Kibaha

Huyu wa Tabora kaongea. Nilikuja kucheka naona naanza kuelewa.

#21 Mwana_wa_Mengo

Naulizia tu kutoka Kampala. Hiyo tarizi ya shingo kwenye kanzu ya bibi yako ni rangi gani? Kwa sababu kanzu yetu ya Buganda ina ule mstari wa damu ya mzee kuzunguka shingo unashuka kifuani na kwenye mikono, mpaka leo huwezi kwenda kwanjula, sherehe ya kujitambulisha ukweni, bila hiyo. Ilikuja na wafanyabiashara wa pwani miaka ya 1840, wakati wa mfalme wetu Kabaka Suuna wa pili, kabla ya hapo sisi ni lubugo, nguo ya gome la mutuba. Sasa huwa najiuliza ule wekundu tulianzisha sisi au ulitoka kwenu.

#22 Mwana_Ngamiani

Mkuu umenipeleka kutazama tena. Kwa nje imekuwa hudhurungi, nilidhani ni uchafu wa miaka. Nikafungua kaba kidogo pale iliposhikwa, kwa ndani ambako jua halikuingia ni nyekundu. Nyekundu kabisa kama ndani ya komamanga. Bibi mwenyewe hakuwahi kujua, ameishika ile shingo kimya muda mrefu. Kuhusu nani alianza siwezi kusema, ila wekundu upo.

#23 Mmanga_Mpweke

Salamu kutoka Muscat. Msilisahau shada. Dishdasha, yaani kanzu za huku, zina kile kishada kinaning'inia shingoni, watu wanakitia mafuta ya udi, siku nzima ukigeuza kichwa unanukia. Wazee waliorudi kutoka Unguja bado wanaita shada. Kama ile ya bibi ina kitanzi kidogo shingoni bila kitu basi kilikuwepo kikakatika. Shada linasokotwa kwa nyuzi zile zile za tarizi, usinunue jipya.

#24 Mwana_Ngamiani

Kitanzi kipo. Subhanallah. Nilidhani ni cha kutundikia msumarini 😂

Taarifa ya leo ni hii. Nilipima kipande cha marekani mita moja kamili kwa kalamu, nikakiloweka usiku mzima maji ya moto na sabuni, nikakifua, nikakianika, nikapiga pasi. Sentimita 94! Sentimita sita zimekwenda kwenye beseni. Maji yenyewe yalitoka kama uji, dondo lote lile la kukazia kitambaa, na kitambaa kilichokuwa kinapiga kelele kama karatasi sasa hivi kinalala. Ningekata kabla ya kufua kanzu ingenifika Maulidi ya kwanza kwenye kifundo cha mguu, ya pili kwenye goti.

Nimefua mita zote zilizobaki. Mama ananiuliza kwa nini kuna sanda kwenye kamba yake.

Sasa hesabu. Mimi ni mrefu, bega mpaka chini nataka mita moja na nusu. Zinatosha?

#25 Kitani_na_Mvua

Zinatosha? Kaka umenunua karibu mara mbili.

Fuatana nami. Badani inahitaji mita 3, mbele moja na nusu nyuma moja na nusu, na upana unaohitaji ni sentimita 90 tu, ukivaa itakushuka begani mpaka karibu na kiwiko na ndivyo inavyotakiwa. Kitambaa chako ni karibu 150 kwa upana, sasa kimepungua kidogo tuseme 146. Kwa hiyo ukichukua mita 3 ukachana 90 kwa ajili ya badani, pembeni unabaki na ukanda wa sentimita 56 wenye urefu wa mita 3 hizo hizo. Humo ndani: taharizi, chukua mita moja na robo, gawa katikati upate vipande viwili vya upana wa 28, kila kimoja kata kona kwa kona, umepata taharizi nne, mbili kila upande. Mikono, bega limeshashuka kwa hiyo mkono wenyewe unahitaji urefu wa kama 45 tu, miwili ni 90, na upana 56 ni mpana vizuri tu. Mpaka hapo umetumia mita 2 na sentimita 15. Ukanda bado una sentimita 85 za kukatia vikwapa, kaba, lisani na sijafu, na nyingine za kujifunzia.

Yaani mita 3 zilizofuliwa. Kwa kitambaa kibichi ilikuwa mita 3 na robo. Enzi zile kwa kitambaa cha wari moja kwa upana ingekuwa mita 5 hivi, maana taharizi na mikono inakatwa chini ya badani siyo pembeni yake.

#26 Mwana_Ngamiani

Nimeichora sakafuni kwa chaki ya fundi. Kweli imeingia yote. Kilichopotea ni kile kiduara cha shingo tu, kiganja kimoja, na bibi kakichukua akasema atakishonea mfuko wa nta.

#27 Nalubaale_254

Subana unayo, kile kikofia kigumu cha kidole cha kusukumia sindano? Usiniambie unasukuma sindano kwenye marekani mbili zilizokunjwa na kidole kitupu.

#28 Mwana_Ngamiani

Sina, nimezunguka madukani nikisema subana wananitazama kama nimeongea Kireno. Mmoja kaniletea kibanio cha nguo. Kwa sasa nimejifunga kipande cha ngozi ya kiatu kwenye kidole cha kati, inasaidia kiasi, sindano ikipenya najua mara moja.

#29 Ukhty_Mkunazini

Waulize mafundi wazee wa makoti na mahema. Na ukianza, usianze na shingo! Kila mtu anakimbilia shingo kwa sababu ndo ya kuonekana. Anza na pindo la taharizi, chini huko, mishono yako mibaya iende ikakae karibu na miguu. Unapiga bandi kwanza, mishono mirefu ya kushikiza tu, halafu ndo unarudi na mshono wa kweli. Ukifika shingoni mkono umeshakaa sawa.

Na kanzu ikiisha ukiifua tia buluu kidogo kwenye maji ya mwisho, marekani inakuwa nyeupe ya kuumiza macho.

#30 SindanoButu

Mkuu kimya wiki mbili hizi, umejishonea kidole?

#31 Mwana_Ngamiani

Nipo wakuu. Taharizi nne nimemaliza, upande mmoja nimeungia kwenye badani. Mishono yangu ni 7 kwenye inchi, siku nikilala vizuri 8. Ya kwanza kabisa ile nimeiacha, inaenda kama mtu katoka harusini saa tisa za usiku. Vikwapa nimefumua mara tatu, ile kona ya mraba inapokutana na mkono na ubavu na taharizi, vitu vyote vinne pamoja, hapo nimeongea maneno ambayo siyaandiki.

Nyuzi nyekundu nimepata kwa kijana mmoja anayeshona kofia, nimempa kanzu aione, kaishika shingo akaniuliza inauzwa? Hapana.

Zile mita zilizobaki, mbili na ushee, nilikuwa nimezikunja niwape watoto wa shule wajifunzie. Bibi kazichukua. Kazipiga pasi mwenyewe, kazikunja, kazitia ndani ya sanduku juu ya zile kanga. Nikamwambia bibi hiyo ya nini. Akanijibu bila hata kugeuka, "Mwanamke vipande vitano. Hii haitoshi, utaniongezea."

Sikusema kitu, nikaenda kuendelea na kikwapa.

#32 Babu_wa_Kibaha

Mwenyezi Mungu ampe umri mrefu bibi yetu.

#33 Nalubaale_254

Amin. Subana lakini ulipata?

#34 Mwana_Ngamiani

Nilipata. Ilikuwa mle mle sandukuni, kwenye kona, imefungwa fundo la kanga. Bibi anasema nilikuwa sijamuuliza.